Kura ya Maji ya Vipepeo

Cerro Hondo, 4 Novemba 1996

Dada Otilia,

Habari za Morelia na za hizo kuta zako? Huku sote wazima, isipokuwa baridi inayotutafuna masikio. Siku ya Wafu imepita: wafu wetu wamekuja, wamekula, wamerudi zao. Mke wangu Chole aliwawekea tamale za mahindi na maua ya njano, na Baba akapata pombe yake ya pulque kwenye kikombe kilekile chenye ufa. Vipepeo nao wamefika siku hizohizo kama wanavyofika miaka yote, na misonobari ya juu imeshainamisha matawi kwa uzito wao.

Sasa sikiliza habari kubwa. Tangu wanichague mwenyekiti wa ejido, hii ardhi yetu ya pamoja, nimekuwa nikipigania jambo moja, na limekaribia. Tutaleta maji kwa bomba. Mhandisi amekuja, amepima, amesema chemchemi ya juu inatosha. Tutaijengea tangi la saruji lenye mfuniko, bomba literemke kwenye mabanda ya chakula wanakopikia watalii, kisha lishuke hadi majumbani. Chole ana miaka hamsini na minane na bado anapanda mlima na ndoo. Rosenda, mwanangu, mabega yake yamekuwa kama ya punda. Mkutano wa ardhi ya pamoja utaitishwa Februari, na tutapiga kura kwa mikono.

Ndiyo maana nakukumbusha ahadi yako. Baba alikuandika wewe kuwa mrithi wa haki yake katika ejido, sawa, mimi sikunung'unika, nilipata yangu kwa upande wa mke. Lakini Pasaka ulisema utamwachia Rosenda haki hiyo. Njoo utie sahihi kabla ya Februari ili mkono wake uhesabiwe. Mimi nimeshawaambia wenzangu mkutanoni kwamba umeachia, kwa hiyo usinivue nguo mbele ya watu.

Kila nikikupigia kutoka kibanda cha simu cha Ocampo, anapokea yule mwanamke anayekusaidia, ananiambia Profesora amepumzika. Umekuwa malkia? Malkia nao huamka.

Mdogo wako,
Eutimio


Morelia, 15 Novemba 1996

Mdogo wangu Eutimio,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Nimefurahi kwamba Baba alipata pulque yake.

Simu usinilaumu. Koo linanisumbua, sauti imebaki mkwaruzo, na nimechoka kuulizwa "eti unasemaje?" na watu wanaonipenda. Kalamu bado inatii. Tuandikiane.

Nikuambie wazi ili usije ukasema nilikuficha: sitatia sahihi kabla ya mkutano. Rosenda atapata haki yake, lakini baada ya kura hii. Kura hii ni yangu, na nitaipiga dhidi ya tangi lako.

Usiitupe barua. Kaa chini kwanza.

Nimefundisha somo la wadudu miaka mingi kuliko uliyolima mahindi. Mwanafunzi akiniuliza kipepeo anakula nini, namjibu: hali, hunywa. Hana meno wala taya. Siku anapotoka kwenye ganda, hata mdomo hana bado. Ana vipande viwili vilivyotengana, kila kimoja kina mfereji upande wa ndani, kama mwanzi uliopasuliwa katikati. Mabawa yakiwa yanakauka, yeye yuko kazini. Anavikunja vipande hivyo, anavikunjua, anavisugua pamoja, anavipaka mate, mpaka vijino vidogo vinashikana na viwili vinakuwa mrija mmoja. Akichelewa vikakauka vikiwa mbalimbali, basi. Atakuwa na mabawa mazuri kuliko ya wenzake, maua yatamzunguka, naye atakufa njaa.

Hao waliofika kwenu wote waliishinda siku hiyo. Wametoka mbali kaskazini, wamekunywa maua njia nzima, na sasa wanaishi kwa mafuta ya mwilini, wamekunja mirija yao chini ya kidevu kama springi ya saa. Maua ya mlimani hayawatoshi. Lakini Januari na Februari, jua likichoma na mvua hakuna, wanakauka. Hapo ndipo wanashuka kwa maelfu kwenye ule udongo mbichi chini ya chemchemi. Hawahitaji ziwa. Ncha ya mrija ina nyufa ndogo kama sifongo, inafyonza unyevu hata kwenye tope, na pampu iliyo kichwani inavuta. Wanakunywa maji na chumvichumvi za ardhi, wanarudi mtini.

Ukifunika chemchemi, tope litakauka. Hao wadudu hawataandika barua kwa mwenyekiti. Watakufa wakiwa wamening'inia, nawe utadhani ni baridi.

Chukueni maji chini ya tope, hapo yanapokusanyika tena penye jiwe la ukungu. Majumbani yatafika kwa mteremko bila shida.

Dada yako,
Otilia


Cerro Hondo, 6 Desemba 1996

Profesora,

Nimekaa chini kama ulivyoagiza. Kisha nikasimama tena maana kiti kilikuwa cha baridi.

Maji ya chini ya tope yatafika majumbani, kweli. Mabandani hayatafika, kwa sababu mabanda yako juu yake, na maji hayapandi mlima hata uyafundishe miaka arobaini. Nani basi ataendelea kubeba ndoo? Chole na Rosenda na wenzao. Wewe una bomba jikoni, unafungua kwa vidole viwili. Umesoma hadi umesahau uzito wa ndoo, dada.

Na kipepeo ana mabawa! Ametoka nchi ya theluji bila ramani, atashindwa kutafuta kijito cha upande wa pili?

Lakini mimi si mtu mbaya, na wewe ni dada yangu, kwa hiyo nimekufanyia jambo. Nimeweka sinia pale mabandani, juani, tano hivi. Chole amechemsha sukari guru na maji kidogo hadi ikawa rojo nzuri, nzito, inanukia mpaka mimi mwenyewe nililamba. Ni chakula kabisa, si maji ya tope. Vipepeo wametua! Watalii wanapiga picha, wananunua tortilla za mahindi ya buluu huku wakishangaa. Bi Tacha wa banda la pili anasema vipepeo wetu mwaka huu watarudi kaskazini na vitambi.

Kwa hiyo tatizo lako nimelitatua kwa sukari ya mfuko mmoja. Njoo utie sahihi.

Na huyo mwanamke wako mwambie nikipiga tena asiniambie umepumzika. Mtu hupumzika akiwa amechoka, na wewe hujashika jembe tangu enzi za Mama. Kama umenikasirikia, sema. Uliniacha Krismasi iliyopita, unaniacha na hii?

Mdogo wako,
Eutimio


Cerro Hondo, 8 Januari 1997

Shangazi Otilia,

Shikamoo. Ni mimi Rosenda. Baba hajui kwamba naandika, na ningeomba asijue.

Kwanza nikuambie niko upande gani, nisije nikaonekana mnafiki. Ninalitaka bomba. Ni mimi ninayebeba hizo ndoo, si Baba wala si wewe. Msimu wa watalii ukianza napanda na kushuka mpaka nalala na viatu. Ungeniachia haki yako leo, kesho ningeinua mkono kwa tangi, na ningeinua yote miwili kama wangeniruhusu.

Lakini zile sinia ni msiba. Juani ile rojo inazidi kuwa nzito. Vipepeo wanatua pembeni, wanakunjua ile mirija yao, wanaitumbukiza, na hawavuti kitu. Nimewatazama. Wanajaribu na kujaribu. Wakitaka kuondoka miguu imenasa, mabawa yananata, na mrija ukikauka na sukari juu yake haukunjiki tena, unabaki umechomoza mbele kama waya. Siafu wanamaliza kazi. Asubuhi Baba anaamka kabla ya sisi wote, anawakusanya kwenye kofia yake na kuwafukia nyuma ya banda, kisha anaongeza sukari mpya. Nilimwambia, "Baba, ondoa." Akasema, "Wamekuja kula. Utamnyang'anya mgeni sahani?"

Ni ubishi tu, Shangazi. Anaona akiondoa sinia atakuwa amekiri kwamba chemchemi ni ya lazima.

Kwa nini wanashindwa kunywa? Na je, ni kweli umetukasirikia? Baba anasema huji kwa sababu umetuona wachafu. Hasemi kwa maneno hayo, ila ndicho anachosema.

Mpwa wako,
Rosenda


Morelia, 19 Januari 1997

Eutimio,

Barua hii nimeianza mara kadhaa na kuichana. Msaidizi wangu, Bi Leocadia, amenikemea: "Profesora, karatasi hii ni nyingi kuliko unachokula." Nimecheka mpaka nikakohoa, na kikohozi kwangu siku hizi si jambo dogo. Kwa hiyo nitasema.

Juni nilipata kiharusi. Si kikubwa, mkono wa kulia umelegea kidogo, nimejifunza kuandika kwa wa kushoto, ndiyo maana mwandiko wangu umekuwa kama wa mtoto na wewe kwa adabu yako hukuuliza. Kilichoharibika ni koo. Siwezi kumeza kama mtu. Maji ya kawaida nikiyanywa hayajui njia, yanakwenda mapafuni. Kila kinachoingia kinywani mwangu kinafanywa kizito kwa unga maalumu: kahawa nzito, supu nzito, hata maji ni mazito kama uji wa jana. Sasa hata hivyo hayapiti vizuri. Daktari ni kijana mpole, mwanafunzi wangu wa zamani. Nilimwambia asinizungushe, naye akaniambia Pasaka ni mbali.

Sikukuficha kwa kiburi. Nilijua Februari kutakuwa na kura. Ningekuambia ninakufa, ungelia, na kesho yake ungeifuta hoja yako mwenyewe ili kunifurahisha. Nakujua. Ulipokuwa mdogo uliniachia kitanda chako kwa sababu nilipiga chafya. Sikutaka vipepeo wapewe maji kwa ajili ya koo langu. Huruma ikifutika, tangi lingejengwa mwaka unaofuata, nami sipo. Nilitaka kushinda kwa hoja, na kama si kwa hoja, kwa mkono.

Pasaka niliposema nitamwachia Rosenda haki, nilisema kweli. Baadaye nilipopata fununu ya bomba kwa watu, nilinyamaza makusudi nikuache uamini. Hilo nalo nimekiri.

Sasa sinia. Usimuulize mtu nimejuaje. Ziondoe leo, Eutimio. Ulidhani unawapa chakula bora, na mtu yeyote mwenye moyo angedhani hivyo. Lakini mrija wa kipepeo ni mwembamba kuliko unywele. Kitu kizito hakipiti humo hata pampu ivute vipi. Utamu unawaita, miguu yao inauonja kabla ya mdomo, wanatua kwa furaha, na wanakufa wakiwa wamesimama ndani ya chakula. Wao wanataka maji mepesi, yanayotembea kwenye udongo. Mimi nalazimishwa mazito ili niishi, wao mazito yanawaua. Nimekuwa nikiliwaza hilo huku Leocadia akikoroga kikombe changu, na sina mtu mwingine wa kumwambia isipokuwa wewe.

Nimefika kwenye ombi, na ni ombi la ajabu. Kwa suala la ardhi ya pamoja mtu hawezi kutuma mwakilishi. Mwenye haki lazima awepo, ainue mkono wake, mwenyekiti auone. Siwezi kupanda basi. Siwezi kukaa kitako barabara yote hiyo bila mtu wa kunishikilia. Nina ndugu mmoja tu mwenye nguvu na anayejua mahali pa kuazima gari.

Njoo unichukue nije kupiga kura dhidi yako.

Ukikataa nitaelewa, na sitakuwa na la kufanya.

Dada yako,
Otilia


Cerro Hondo, 25 Januari 1997

Otilia,

Juni! Tangu Juni! Nimekuwa nikikutania kuhusu malkia na wewe umelala hapo huwezi kunywa maji! Chole amenitupia kitambaa cha jikoni usoni aliposikia barua yako, akasema, "Na utani wako huo, Eutimio, siku moja utautania mkaa wa moto ukuunguze." Nimelia, ndiyo, nyuma ya zizi, farasi wa watalii wakinitazama.

Sinia nimeziondoa. Usinisifu.

Sasa nisikilize na mimi, maana umezoea kusikilizwa wewe. Ulisema ungeniambia ningeifuta hoja. Umenidharau. Mimi ni mwenyekiti niliyechaguliwa na watu, na wanawake wa mabandani wamenikabidhi mabega yao. Sitaifuta. Sitaigeuza. Nitakuja Morelia na gari la Higinio Colín, nitalitandika magodoro, nitakubeba kwa mikono yangu mpaka ndani ya ukumbi wa shule, nitakuweka kwenye kiti chenye mto. Halafu nitakushinda kwa kura mbele ya ejido nzima.

Mwambie Leocadia afungashe unga wake.

Eutimio


Cerro Hondo, 24 Februari 1997

Dada,

Nitakuja hospitali ya Zitácuaro Jumapili. Nakuandikia kabla, kwa sababu mbele yako ulimi wangu utakuwa na mambo ya kipumbavu tu ya kusema. Rosenda anasema umewekewa oksijeni na kwamba umemwandikia muuguzi kikaratasi: "Tulipata?" Hawajui unauliza nini. Mimi najua. Ulikohoa mara tu ulipoinua mkono, Chole na Leocadia wakakukimbiza garini, hukuona kilichofuata.

Kwanza siku ya kabla. Ulinifanya nikufunge juu ya farasi kama gunia la mahindi, nikuongoze mpaka kwenye tope, mchana wa jua. Nilidhani unataka kuaga mahali. Kumbe ulitoa lenzi yako mfukoni ukanielekezea mimi chini. Mimi, mwenye miaka sitini na sita, kifudifudi kwenye matope! Rosenda akacheka, "Baba anatafuta meno yake." Nikatazama. Walikuwa wamejipanga bega kwa bega, mabawa yamefungwa, na kila mmoja ameteremsha uzi mweusi ardhini. Haukuwa umetulia, ule uzi. Ulikuwa unapapasa, unajikunja kidogo katikati kama goti, unatafuta mahali, unakaa. Niliona mmoja ambaye mrija wake umepasuka ncha kama ulimi wa nyoka. Alikuwa akipapasa kama wenzake na hapati. Nikakuuliza kwa macho, nawe ukatikisa kichwa.

Nimeona, Otilia. Na haikubadili kura yangu, kwa sababu nyuma yangu alikuwa amesimama binti yangu, na yeye pia nimemwona.

Sasa ukumbini. Niliuliza nani anataka tangi, mikono ikapanda, wangu ukiwemo. Katibu akahesabu. Nikauliza nani anataka maji yachukuliwe chini ya tope. Wakainua wazee, wakainua walinzi wa msitu, ukainua wewe, wa kushoto. Katibu akahesabu, akahesabu tena, akaniletea karatasi. Ninyi mlitushinda kwa mkono mmoja.

Gari lilikuwa halijafika hata kwenye kona. Higinio akasimama. "Mwenyekiti, samahani, huo mkono wa kushoto ni wa nani?"

"Wa dada yangu," nikasema. "Amekuja kwa gari lako mwenyewe."

"Gari nimeazimisha, sauti sijaazimisha. Novemba, ukiwa umesimama hapohapo, ulituambia ameachia haki yake. Hayumo tena. Mkono wake usihesabiwe, na tukiutoa tuko sawa kwa sawa, na mwenyekiti ndiye anayeamua."

Ukumbi ukalipuka. Wanawake walikuwa madirishani, wengi wao hawana kura. Bi Tacha akapaza sauti, "Eutimio, kumbuka ndoo!" Mzee mmoja akamjibu, "Yule mgonjwa ametolewa mautini kuja hapa, mnamfuta kama ubao?" Na mwingine, sijui nani, "Wafu hupiga kura mjini tu, siyo kwetu!" Watu wakacheka, na kicheko hicho kilinikata.

Kila kitu kilikuwa mikononi mwangu. Ningesema tu, "Ni kweli, aliachia." Nilishasema mara moja, ilibaki kusema mara ya pili tu. Hakuna karatasi ambayo ingenisuta siku hiyo. Tangi ningelipata. Rosenda alikuwa dirisha la kati, amenikazia macho, na alitaka niseme hivyo, dada, usimwone vibaya. Alikuwa na haki ya kutaka.

Nikasema, "Novemba niliwaambia jambo ambalo halijatokea. Hakuachia. Hakutia sahihi popote. Nilisema hivyo ili nishinde mapema. Mkono ni wake, ameuleta mwenyewe kutoka Morelia, na mimi nimeuona. Katibu, andika."

Kisha Higinio akasema, "Basi umejipiga mwenyewe." Nikamwambia, "Ndiyo, na bado tunahitaji mabomba, kwa hiyo kaa."

Umeshinda. Tangi litajengwa chini, penye jiwe la ukungu. Majumbani maji yatafika. Mabandani hayatafika.

Chole hanisemeshi. Ananiwekea chakula mezani kwa kishindo.

Ningoje Jumapili,
Eutimio


Cerro Hondo, 2 Machi 1997

Shangazi,

Pole kwa maradhi, na sisemi pole kwa adabu tu.

Lakini nimekasirika, na Baba amenifundisha kwamba wewe unapenda mtu aseme. Jana walianza kuchimba chini. Mimi nilipanda na ndoo mbili, nikashuka, nikapanda. Pale kwenye tope walikuwa wengi kuliko siku ile, njia nzima imejaa, nikalazimika kuzunguka kwenye mawe ili nisiwakanyage. Nikiwa nazunguka na ndoo zangu nilikuwa nawaza: hawa wamepata mtu wa kuwasemea kutoka chuo kikuu, mwenye lenzi. Mimi nani alinisemea? Baba peke yake, na mwishoni akaninyamazia.

Nataka kujua jambo moja. Ungeshindwa, bado ungeniachia haki yako? Au ningekuwa adui?

Rosenda


Zitácuaro, 9 Machi 1997

Rosenda, mtoto wa ndugu yangu,

Muuguzi ananishikia ubao wa kuandikia. Mwandiko ukipanda mlima, ni yeye, siyo mimi.

Umeniuliza swali la haki, na sitakujibu kwa kujipamba. Ningeshindwa, ningekasirika mwezi mzima, ikiwa mwezi ningekuwa nao. Kisha ningetia sahihi. Haki haikuwa tuzo ya kunikubali. Baba yetu alinipa mimi akijua sitalima, na hakuniuliza nitainua mkono vipi.

Lakini kuna jambo nililoligundua siku wewe na baba yako mliponipandisha juu ya farasi. Ulinibeba kwapani, na nilishika mabega yako. Nimechora mirija ya vipepeo maisha yangu yote, najua kila msuli unaoikunja. Mabega ya binti wa nyumba yetu nilikuwa sijawahi kuyagusa tangu ulipokuwa mchanga. Nilijua kwamba unabeba ndoo kama mtu anavyojua kwamba kuna nyota. Nakiri hilo sasa, maana sitakuwa na wakati mwingine. Kwa upande wa vipepeo nina hakika kwamba sikukosea. Kwa upande wenu sina hakika, na nitaondoka bila kuwa nayo.

Usidhani natubu kura. Ningeamka leo ningeinua tena.

Jana baba yako alileta mwanasheria na mashahidi wawili hapa wodini. Alivaa kofia yake ya harusi na akaivua mlangoni kama kanisani. Nimetia sahihi. Haki ya Baba yangu katika ejido ya Cerro Hondo ni yako tangu jana, yote, bila sharti. Mwanasheria aliniuliza, "Hakuna masharti yoyote, Profesora? Kuhusu chemchemi?" Eutimio akanitazama. Nilichukua kalamu nikapiga mstari pale palipoachwa wazi, ili mtu asije akaandika kitu baadaye.

Kwa hiyo sasa una mkono. Mwakani, au wakati wowote, unaweza kuomba mkutano uitishwe tena, na chemchemi ya juu irudishwe mezani, na walioshindwa kwa mkono mmoja watakuwa wanakungoja kwa hamu. Nimefikiria hilo usiku na mchana na limenitia hofu kuliko koo langu. Nimetia sahihi nikiwa na hofu hiyo.

Baba yako hatakuambia uinue vipi. Amepoteza mkutano mmoja kwa kusema ukweli, na nadhani amelipenda tendo lile kuliko angependa kushinda, ingawa Chole bado anamgongea sahani. Mimi nilikuwa na ukurasa mzima wa hoja kwa ajili yako. Nimemwambia muuguzi auchane.

Pumzisha mabega leo.

Shangazi yako, asiye na kura tena,
Otilia